Kujaribu tiba ya presha kwa kondoo na nguruwe: mambo ya kupanga kabla hujashika kisu

Vijana wawili watatu wanaosomea maabara na mifugo hapa Mombasa wameniuliza swali moja, kwamba mtu akitaka kujaribu dawa mpya ama kifaa kipya cha presha kwa mnyama mkubwa, aanzie wapi. Nimekuwa nikiwajibu kwa vipande vipande kwenye simu, mwisho nikaona bora niandike yote mahali pamoja. Mimi ni mtu wa mifugo, nimeshinda miaka kwenye mazizi ya utafiti, nikilisha, nikifunga dripu, nikilala chini ubavuni mwa kondoo aliyetoka kwenye nusu kaputi mpaka asimame mwenyewe. Na mamangu ana presha, kila asubuhi nampima kabla hajagusa chai na mahamri, kwa hivo hii kazi kwangu si ya vitabuni tu.

Kwanza jiulize kama huyo mnyama mkubwa unamhitaji kweli. Kama swali lako ni je, hii dawa inashusha presha ama haishushi, panya atakujibu kwa gharama ndogo. Kuna ukoo wa panya uliotangazwa Kyoto, Japani mwaka 1963 na Okamoto na Aoki, presha yao hupanda yenyewe wakikua bila kufanywa chochote, na maabara nyingi duniani zinawatumia mpaka leo. Mnyama mkubwa anaingia pale ambapo ukubwa wenyewe ndio swali. Katheta (mrija mwembamba) inayopitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ifike mshipa wa figo haiingii kwa panya hata ufanye nini. Lakini nguruwe wa kilo 50, mshipa wake wa figo una upana unaokaribia wa mtu, milimita kama 5 hivi, na figo yake kwa ndani imegawanyika vyumba vyumba kama yetu, wakati ya kondoo na ya mbwa haiko hivo. Kama panya anatosha basi baki na panya, usimtese mnyama wa kilo 50 kwa jibu ambalo ungelipata kwengine.

Alafu chagua presha gani unataka kuitengeneza, na hapa ndo naomba mtulie manake watu wengi wanapita mbio. Presha si ugonjwa mmoja. Mwaka 1934 Harry Goldblatt kule Cleveland, Marekani alibana mshipa wa figo wa mbwa kwa kibanio kidogo na presha ikapanda ikakaa juu. Kinachotokea ni kwamba figo iliyobanwa inaona damu kidogo, inadhani presha ya mwili mzima imeshuka, inamwaga renini (kemikali ya figo), renini inazaa anjiotensini, hiyo inafanya mishipa inajikaza na chumvi inashikiliwa mwilini. Njia hiyo bado inatumika kwa mbwa, kondoo na nguruwe. Njia nyingine ni kumwekea nguruwe mdogo vidonge vya homoni ya DOCA chini ya ngozi na kumwongezea chumvi kwenye chakula, hapo presha inapanda kwa sababu ya chumvi na maji, na renini inakuwa chini kabisa.

Sasa angalia tofauti. Ukijaribu dawa za jamii ya enalapril, zinazokata hiyo njia ya renini, kwa mnyama wa Goldblatt utaona presha inaporomoka, utafurahi, utapiga simu kwa kila mtu. Dawa hiyohiyo kwa mnyama wa DOCA na chumvi inafanya kazi kidogo sana, manake renini yenyewe haipo ya kuzuia. Na watu wetu wengi wa Afrika wenye presha wako upande huo wa renini ya chini na chumvi. Utafiti wa CREOLE uliotoka 2019 uliwachukua wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, na waliopewa mchanganyiko wenye amlodipine (dawa ya kulegeza mishipa) walishuka zaidi kuliko waliopewa perindopril, ndugu yake enalapril, na dawa ya kukojoza maji bila amlodipine, tofauti ikiwa kama milimita 3 za zebaki kwenye kipimo cha juu (namba zote za presha hapa ni za kipimo hicho cha zebaki). Kwa hivo ukiniuliza mimi, mtu anayetaka tiba ya kumfaa mama muuza viazi karai pale Kongowea asichague mnyama wa Goldblatt peke yake kwa sababu tu ndiye aliyezoeleka, ajaribu pia kwa mnyama wa chumvi. Tiba ikikubali kwa mmoja na kukataa kwa mwingine hilo nalo ni jibu, tena jibu zito.

(Hapa niseme kidogo kuhusu twiga, manake wanafunzi hunitajia wakishatembea Haller Park pale Bamburi. Ni kweli presha ya twiga karibu na moyo ni kama mara mbili ya mtu na mishipa yake haiharibiki. Mwaka 2021 kundi la wanasayansi lilimtia panya namna ya jeni ya twiga inayoitwa FGFRL1, na panya huyo alipochomwa anjiotensini hakupanda presha kama wenzake. Lakini twiga ni wa kujifunza vile mwili unavyostahimili presha, huyo humfanyii majaribio ya dawa.)

Vibali viombwe mapema kabla hujanunua hata kamba. Kamati ya maadili ya chuo ama taasisi yako, kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na leseni chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Kamati itakuuliza mambo matatu yanayotoka kwa Waingereza Russell na Burch tangu 1959: unaweza kutumia njia isiyo na mnyama? unaweza kupunguza idadi? unaweza kupunguza maumivu? Jibu kwa ukweli, kila moja kwa maelezo yake, sio mstari mmoja umenakiliwa mahali.

Tuje kwa mnyama mwenyewe. Nguruwe ni mzuri kwa figo na mishipa ila hapa Pwani lazima ufikirie watu. Usimpangie kazi ya nguruwe kijana Muislamu bila kumuuliza, na usimuulize mbele ya watu. Muite pembeni, mwambie kazi ni hii, akikataa kuna kazi nyingine ya data ama ya kondoo, na akikubali awe na glavu na mahali safi pa kuoga kabla hajarudi kwao. Nimeona kazi nzuri ikivunjika kwa sababu mkubwa hakuuliza, wafanyakazi wakawa hawaji, nguruwe wakalishwa saa mbovu na watu wageni, na data ikaharibika ndani ya wiki mbili. Kama hali ya mahali penu hairuhusu nguruwe basi kondoo ni mnyama wa heshima kabisa kwa kazi hii, ni mtulivu, ana shingo ndefu ambayo mishipa yake inafikika kwa urahisi, na yuko kila mahali.

Nguruwe wa kawaida wa kufugwa ana shida nyingine, anakua mbio mno. Unamchukua na kilo 30, miezi minne mbele anagonga 100, na hapo huwezi kujua kama presha imebadilika kwa sababu ya dawa au kwa sababu mnyama amekuwa mwingine. Kwa kazi ya wiki chache sawa, kwa kazi ya miezi tafuta aina ndogo kama Göttingen ama Yucatan, na kama hawapatikani basi rudi kwa kondoo mzima aliyekwisha kukua. Pia homa ya nguruwe ya Afrika ilielezewa mara ya kwanza hapahapa Kenya mwaka 1921 na bado ipo, haina dawa, kwa hivo nguruwe wanunuliwe shamba moja linalojulikana, na mabaki ya chakula ya hoteli yasiingie zizini hata kidogo.

Kondoo wa soko la Mariakani ni rahisi kupata lakini usimtie kwenye jaribio wiki ileile. Minyoo ya tumbo inafyonza damu, na wanaotoka upande wa Shimba Hills wanaweza kuwa wameumwa na mbung'o wakapata nagana, na yote mawili yanamaliza damu. Mnyama asiye na damu ya kutosha moyo wake unakimbia na presha yake inakudanganya. Mfunue kope la chini uangalie rangi, ikiwa nyeupe huyo ni mgonjwa. Pima damu, mpe dawa ya minyoo, mtenge na wenzake wiki mbili mpaka tatu, kisha ndo umhesabu.

Na joto jamani. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba mpaka Machi, zizi la mabati la Mombasa saa nane mchana ni tanuri. Nguruwe hatoki jasho la kumpoza, anahema tu, moyo mbio. Ukianza jaribio Julai wakati wa kusi na ukamaliza Februari utaona presha na mapigo yamebadilika na utasema ni dawa. Weka makuti juu ya mabati, feni, maji ya kunyunyiza, kipimajoto ukutani kinachoandikwa kila siku, na makundi yote yaanze na yaishe pamoja, usianze na kundi la dawa leo na la kulinganishia baada ya miezi mitatu.

Sasa kupima presha. Kama kuna kitu kimoja tu utakichukua kwangu ni hiki: presha ya mnyama aliyeshtuka si presha yake. Nakumbuka kituo kimoja nilichofanya kazi zamani tulikuwa na kondoo sita, siku ya kupima mkubwa mmoja akaja na wageni na viatu vya kulia koko koko sakafuni, tukapima, tukaandika, na wiki ilofuata tukapima tena kukiwa kimya, presha ikawa chini kwa wote sita. Kulikuwa na mtu tayari ameshaandika kwenye ripoti kwamba dawa imeshusha. Dawa ile ilikuwa haijaanza kutolewa. Nilimwonyesha daftari akafuta, lakini mpaka leo nawaza ni ripoti ngapi duniani hazikuwa na mtu wa kuonyesha daftari.

Kwa hivo mzoeshe mnyama. Siku kumi na nne angalau, mtu yuleyule, nguo ya rangi ileile, saa ileile, kiganja cha mahindi mkononi. Nguruwe ana akili sana, ukimpa kipande cha ndizi kila akiingia kwenye kizimba cha kupimia, baada ya wiki anaingia mwenyewe. Mkanda wa kupimia mguuni au mkiani unaweza kutumika ukiwa na upana wa kama asilimia 40 ya mzunguko wa kiungo, lakini mnyama akitikisika kidogo tu namba inaharibika, mimi siuamini kwa jibu la mwisho.

Njia inayoaminika ni kifaa cha telemetri kinachopandikizwa ndani ya mwili, ncha yake iko ndani ya mshipa na kinatuma presha kwa mawimbi usiku na mchana wakati mnyama anakula na kulala bila kuguswa na mtu. Ukishapandikiza ngoja wiki moja mpaka mbili apone ndo uanze kuhesabu. Kuna jambo la kuangalia hapa, vifaa vingi vya namna hii vinapima presha yote pamoja na ya hewa, kwa hivo lazima kuwe na kipimo cha hewa cha nje cha kutoa. Hapa Mombasa tuko usawa wa bahari, hewa inakaa karibu 760, Nairobi juu kule ni kama 620. Mtu akibeba mipangilio ya kompyuta ya Nairobi akaileta Mombasa bila kurekebisha, kondoo wote wataonekana wana presha ya kuua. Na pima sifuri ya kifaa kabla ya kukiweka na tena baada ya kukitoa, manake kinateleza kadiri miezi inavyokwenda.

Kama huna telemetri na unatumia mrija wa maji uliounganishwa na kipimo cha nje, basi kipimo kikae usawa wa moyo, uweke alama kwa rula. Kila sentimita 10 uliyokosea chini ama juu inakupa kosa la karibu 8. Hiyo 8 ni kubwa kuliko kazi ya dawa nyingi. Na stima ikipotea, kompyuta iwe na betri yake, usingoje jenereta iwashwe.

Usipime presha ya kutolea jibu mnyama akiwa kwenye nusu kaputi. Isoflurane, gesi ya nusu kaputi, inalegeza mishipa na kushusha presha yenyewe, hapo unajaribu dawa juu ya dawa. Nusu kaputi ni ya upasuaji tu. Nguruwe anyimwe chakula kwa muda wa saa 12 hivi kabla, kondoo mpaka muda wa saa 24 kwa sababu tumbo lake linajaa gesi na chakula kinaweza kurudi kikaingia mapafuni, mrija wa koo usiutoe mpaka ameze mwenyewe, mlaze kifua chini kichwa juu. Dawa ya maumivu ni lazima na iendelee siku kadhaa, usingoje mnyama alie ndo umpe, kondoo halii, anavumilia kimya akisaga meno.

Idadi. Kuna hesabu rahisi ya kuanzia: chukua mtawanyiko (standard deviation) wa presha baina ya wanyama wako, ugawanye kwa tofauti unayotaka kuiona, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha mara 16. Hiyo ndo idadi ya kila kundi. Mtawanyiko ukiwa 10 na unatafuta tofauti ya 15, unapata 7 na kitu, basi chukua 8. Ukitaka kuona tofauti ya 5 kwa mtawanyiko uleule unahitaji 64 kila kundi, na hapo ujue hiyo kazi huwezi kuifanya kwa nguruwe, tafuta njia nyingine. Na telemetri ikikupa vipimo 288 kwa siku kutoka kwa kondoo mmoja, huyo bado ni kondoo mmoja. Nimeona watu wakihesabu vipimo kana kwamba ni wanyama, matokeo yanang'aa na ni ya uongo.

Kama ni dawa ya kunywa, dozi usiinakili kilo kwa kilo. Kanuni ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inalinganisha kwa eneo la ngozi: miligramu kwa kilo ya nguruwe wa aina ndogo ni karibu sawa na ya mtu, unazidisha kwa 0.95 kupata ya mtu, ya mbwa unazidisha 0.54, ya panya mkubwa wa maabara (rat) 0.16.

Kundi la geresha ndilo linalokatwa kwanza pesa zikipungua na ndilo nalolipigania mpaka mwisho. Maana yake ni mnyama anayepata kila kitu, nusu kaputi, kidonda cha paja, katheta mpaka mshipa wa figo, isipokuwa tiba yenyewe. Ona yaliyotokea kwa tiba ya presha ya kuchoma, yaani kuunguza, neva za figo kwa katheta. Ilijaribiwa kwa nguruwe, ikaonekana salama, majaribio ya mwanzo kwa watu bila kundi la geresha yakaonyesha presha inashuka sana. Kisha mwaka 2014 yakatoka matokeo ya jaribio la SYMPLICITY HTN-3, watu 535, safari hii wengine wakiwa wamefanyiwa geresha. Baada ya miezi sita waliochomwa walishuka 14.13 na wa geresha wakashuka 11.74. Tofauti ndogo, haikutosha. Watafiti wakarudi kwa nguruwe, na 2015 wakaonyesha kwamba ukichoma mshipa mkuu peke yake neva nyingi zinabaki, ukichoma na matawi yake karibu na figo zinapungua zaidi. Mwaka huohuo wenzao wa Australia wakaonyesha kwa kondoo kwamba neva zilizochomwa zilikuwa zimerudi baada ya miezi 11. Njia ikarekebishwa, majaribio yenye geresha yakarudiwa, na Novemba 2023 FDA ikaidhinisha vifaa viwili vya namna hiyo. Kwa watu presha imeonekana kubaki chini mpaka miaka mitatu, kondoo hakututabiria hilo, lakini kondoo na nguruwe ndio waliosema wapi pa kuchoma na kipi cha kufuatilia.

Kwa hivo gawanya makundi kwa bahati nasibu, karatasi kwenye bakuli inatosha, na anayesoma presha na anayeangalia darubini asijue mnyama yupi ni wa kundi gani. Mpe kila mmoja namba ya sikio tu. Andika mapema, kabla ya siku ya kwanza, utapima nini, lini, na mnyama gani atatolewa kwa sababu gani, ili baadaye usishawishike kumtoa yule aliyekuharibia wastani. Kuna mwongozo wa ARRIVE wa kuripoti utafiti wa wanyama, ulifanywa upya 2020, ufuate wakati wa kupanga sio wakati wa kuandika.

Siku ya mwisho mnyama alale kwa dozi kubwa ya pentobarbitali akiwa tayari amelala usingizi wa dawa, mahali alipozoea, mkononi mwa mtu aliyemlisha. Nyama yake haiendi kwa mtu wala kwa mbwa, hata kama jirani anakuomba, inachomwa ama inazikwa kwa chokaa. Mishipa ya figo iende kwenye formalini. Vipande vya figo vya kupima noradrenalini, kemikali ya neva, vinatakiwa vigandishwe papo hapo ndani ya naitrojeni ya maji, ileile ambayo wapandishaji wa ng'ombe wanabebea mbegu, kwa hivo kama maabara yako haina, zungumza na mpandishaji wa karibu siku mbili kabla, akuazime mtungi. Na lebo za ndani ya chupa ziandikwe kwa penseli, wino unayeyuka kwenye spiriti na utabaki na chupa kumi na sita zisizo na majina.